Benki ipi ikianguka inatuburuza wote? Kila nchi ya Afrika Mashariki na daftari lake

Wadau, nipo Kasulo, Ngara. Leo tunaongelea mabenki. Najua kuna watu wakiona neno benki tu wanataka kuhamia ukurasa wa matokeo ya mpira. Subirini kidogo jamani. Habari hii inamgusa hata yule ambaye hajawahi kukanyaga ndani ya benki, anayetuma na kupokea hela kwa simu basi.

Swali lenyewe ni fupi. Kati ya benki zote zilizomo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni zipi ambazo zikianguka haziangki peke yake, zinaanguka na wengine? Wataalamu wana majina marefu ya kuziita. Mimi humu nitaziita benki mhimili. Wazee wetu wa Kagera waliojenga nyumba za msonge wananielewa: ukitoa fito moja ya pembeni nyumba inabaki imesimama, ukitoa nguzo ya katikati paa linawashukia waliomo ndani. Kazi ya leo ni kujua fito ni ipi na nguzo ni ipi, na nani ana mamlaka ya kusema hivyo.

KASULO INAHUSIKA VIPI?

Angalia mahali tulipo. Lami inayotoka Dar inapita Lusahunga kule Biharamulo, inakuja hapa Benaco, halafu malori yanateremka Rusumo kuingia Rwanda. Upande mwingine kuna Kabanga, mpakani na Burundi. Tangu 2016 pale Rusumo kuna kituo cha pamoja cha mpakani, unakaguliwa mara moja badala ya mbili. Siku ya kawaida mtu wa hapa anashika shilingi, faranga za Rwanda na faranga za Burundi kabla ya saa sita mchana.

Sasa chukua lori moja tu. Mzigo kanunua mfanyabiashara wa Kigali. Kalipa kupitia benki ambayo wenyewe wako Nairobi. Muuzaji yuko Dar, akaunti yake iko benki nyingine kabisa. Posho ya dereva imeingia kwenye simu akiwa amepaki hapa Benaco, akaitoa kwa wakala, akanunua ugali na maharage. Nchi tatu, benki mbili, mtandao wa simu mmoja, na mwisho wa mnyororo kuna mama lishe. Yule mama hazijui hizo benki hata kwa jina. Lakini moja ikigoma katikati ya mnyororo, sahani zake zinabaki mezani.

LILILOTUKUTA KAGERA

Tusiende mbali kutafuta mfano. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilifunga benki tano kwa mpigo: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Meru Community Bank na Kagera Farmers' Cooperative Bank. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kwetu, benki ya ushirika ya wakulima wa mkoa huu. Sababu ilikuwa moja kwa zote tano: mtaji ulikuwa pungufu kuliko sheria inavyotaka. Leseni zikafutwa na Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi.

Sikiliza hesabu yake sasa. Wakati ule bima ya amana ilikuwa inalipa mwisho shilingi 1,500,000 kwa mteja mmoja. Aliyekuwa na laki tatu alistahili kurudishiwa laki tatu zake zote. Aliyekuwa na milioni kumi alistahili milioni moja na nusu, na hizo milioni nane na nusu asubiri mfilisi auze mali za benki na kukusanya madeni, ndipo ijulikane kimebaki kiasi gani cha kugawana. Baadaye kiwango hicho kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000, lakini wa 2018 walihesabiwa kwa kile cha zamani.

Je, nchi ilitikisika? Hapana. CRDB na NMB ziliamka kesho yake zikafungua milango kama kawaida. Mishahara ililipwa, shilingi haikuporomoka. Kwa macho ya Dar, zile tano zilikuwa fito za pembeni. Kwa mkulima wa kahawa aliyekuwa ameweka akiba yake yote pale, ilikuwa nguzo ya katikati. Hapo ndipo pa kushika, mdau: umuhimu wa benki unategemea umesimama wapi unapoiangalia. Hilo tutalirudia tukifika kwenye Jumuiya.

Sasa linganisha na jirani. Tarehe 20 Oktoba 2016 Benki Kuu ya Uganda iliichukua Crane Bank, ambayo ilikuwa miongoni mwa benki kubwa za nchi ile. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule, mtaji umekwisha. Lakini Benki Kuu ilisema wazi kwamba benki hiyo ilikuwa hatari kwa mfumo mzima wa fedha. Basi haikufungwa. Matawi yaliendelea kufanya kazi chini ya Benki Kuu, na Januari 2017 amana za wateja zikahamishiwa dfcu. Mteja wa Crane aliamka akiwa mteja wa dfcu, hakuambiwa akapange foleni kwa mfilisi.

Umeona tofauti? Ugonjwa mmoja, matibabu mawili. Moja ilizikwa, nyingine ikahamishiwa kwa jirani ikiwa hai. Kinachoamua tiba ni jibu la swali lile la mwanzo: hii ni fito au nguzo? Ndiyo maana namna ya kulijibu si mambo ya maprofesa peke yao.

MASWALI MANNE YA KUITAMBUA NGUZO

Dunia ililichukulia swali hili kwa uzito baada ya kuumia. Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ya New York iliomba kufilisiwa, na ndani ya siku chache mabenki ya Marekani na Ulaya yakawa yanaogopa kukopeshana hata kwa usiku mmoja. Hakuna aliyekuwa na uhakika nani anamdai nani. Baada ya hapo wasimamizi wa benki wa nchi mbalimbali, wanaokutana kwenye Kamati ya Basel kule Uswisi, wakatoa vipimo. Vya 2011 vilikuwa kwa benki nyeti za dunia nzima, na orodha ya kwanza ya mwaka huo ilikuwa na benki 29. Vya 2012 vilikuwa kwa benki nyeti za ndani ya nchi moja. Hivi vya ndani vina maswali manne.

La kwanza ni ukubwa. Kati ya kila shilingi mia zilizowekwa kwenye mabenki ya nchi, ngapi ziko kwenye hii? Hilo halihitaji maelezo.

La pili ni mafungamano. Mabenki yanakopeshana kila siku. Moja ikiwa inadaiwa na wenzake kumi, ikianguka inaacha mashimo kumi. Na hapa wengi hawajui kitu: hela iliyo kwenye simu yako haikai kwenye simu. Kampuni ya simu inatakiwa iwe na kiasi kile kile kimelala kwenye akaunti maalum za benki. Kwa hiyo hata wewe unayesema huna benki, benki unayo, ila hujachagua mwenyewe.

La tatu ni mbadala. Benki hii ikitoweka leo, nani anaifanya kazi yake kesho asubuhi? Mjini hilo si tatizo kubwa, unavuka barabara unaingia nyingine. Lakini piga picha kijiji ambacho mawakala wote wanaofanya kazi ni wa benki moja. Au benki yenye matawi mawili tu nchini lakini ndiyo inayolipia mafuta yanayoingia bandarini. Ndogo kwa kuitazama, ila haina wa kumrithi haraka.

La nne ni utata. Benki iliyo na kampuni ya bima, kampuni ya hisa, biashara ya fedha za kigeni na kampuni tanzu nchi sita, ikianguka itachukua miaka kuifungua mafundo. Benki ya kupokea akiba na kukopesha wakulima unaifungua mapema zaidi.

Benki ikishaonekana ni mhimili, mambo matatu yanafuata. Inatakiwa iwe na mtaji wa ziada kuliko wenzake, ili ikipata hasara wenye hisa waumie kabla ya wenye amana. Inakaguliwa kwa karibu zaidi. Na inatakiwa iandike mapema mpango wa nini kifanyike ikizidiwa, mfano wa wasia: nani auziwe nini, wateja wapelekwe wapi. Kuandikwa kwenye daftari hilo si zawadi, ni mzigo wa kubeba.

MTEGO UKO KWENYE MPAKA

Haya, sasa tuje kwenye pointi yenyewe.

Orodha ya benki nyeti za dunia ina swali la tano: benki inafanya biashara kiasi gani nje ya mipaka ya nchi yake? Kwenye vipimo vya ndani ya nchi swali hilo halina tena nafasi yake lenyewe, limebanwa ndani ya lile la nne la utata. Kwa nchi iliyokaa peke yake hiyo ni sawa. Kwa jumuiya kama yetu, ambayo benki zinavuka mpaka kama malori ya Rusumo, swali lililobanwa ndilo lililotakiwa kukaa mbele.

Tuchukue hesabu ya darasani, namba ni za kubuni ila zinaeleweka. Kuna nchi tano, kila moja ina amana za shilingi 100. Benki Juma iko nchi moja tu na ina shilingi 18 kati ya 100 za pale. Benki Asha iko nchi zote tano, na kila nchi ina shilingi 4. Kila Benki Kuu inasema anayevuka shilingi 5 ndiye mhimili. Basi nchi ya kwanza inamwandika Juma. Asha haandikwi popote, kila gavana anamwona mdogo.

Sasa jumlisha zote tano. Amana za jumuiya nzima ni 500. Juma ana 18. Asha ana 20. Yule ambaye hakuna nchi iliyomwandika ndiye mkubwa kuliko aliyeandikwa! Na Asha akianguka makao makuu, anaanguka nchi tano siku moja.

Geuza upande wa pili pia. Kuna nchi ndogo ambayo amana zake zote ni shilingi 10, na Benki Neema ina 4 kati ya hizo. Ukitumia kipimo cha jumuiya peke yake, Neema ni vumbi, shilingi 4 ndani ya mamia. Lakini ikianguka, karibu nusu ya akiba ya nchi ile imekwenda. Huyu ndiye yule mkulima wa Kagera, sasa ni nchi nzima.

Kwa hiyo daftari la nchi peke yake linamkosa Asha, na daftari la jumuiya peke yake linamkosa Neema. Yanatakiwa yote mawili, na yasomwe pamoja.

SI HADITHI, IMETOKEA

Tarehe 13 Oktoba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliiweka Imperial Bank chini ya uangalizi baada ya udanganyifu mkubwa wa ndani kugundulika. Kenya wana mizani yao ya kupanga benki. Wanachanganya mali, amana, mtaji na kwa mbali idadi ya akaunti: anayevuka asilimia 5 ya soko ni mkubwa, kati ya 1 na 5 ni wa kati, chini ya 1 ni mdogo. Mizani hiyo ni ya kupanga makundi ya soko. Imperial ilikuwa kundi la kati, hakuna aliyeihesabu kama nguzo.

Lakini Imperial ilikuwa na kampuni tanzu Kampala. Siku ile ile Benki Kuu ya Uganda ikalazimika kuingia kuisimamia Imperial Bank Uganda, ambayo yenyewe haikuwa imefanya kosa lile la Nairobi. Mwaka 2016 hisa nyingi za benki ile ya Kampala zikanunuliwa na Exim Bank ya Tanzania. Yaani tatizo limeanzia Nairobi, limetua Kampala, na mkombozi katoka Dar es Salaam. Kama hiyo si jumuiya, sijui jumuiya ni nini.

Na huko Kenya kwenyewe hofu haikuishia hapo. Watu na makampuni walianza kuhamisha hela kutoka benki ndogo na za kati kwenda kubwa. Tarehe 7 Aprili 2016 Chase Bank nayo ikawekwa chini ya uangalizi baada ya wateja kuikimbia kwa siku chache, taarifa zikisambaa mitandaoni kwa kasi. Fito mbili zilizotolewa zilitikisa ukuta mzima. Ndiyo maana ukubwa peke yake hautoshi kuwa kipimo.

Mfano mwingine ni wa hapa nyumbani. FBME ilikuwa na makao makuu Dar es Salaam, lakini biashara yake kubwa ilikuwa Kupro, kile kisiwa cha bahari ya Mediterania. Julai 2014 idara ya Wizara ya Fedha ya Marekani ikaituhumu kuwa njia ya kusafisha fedha chafu. BoT ikaichukua usimamizi mwezi huo huo, na Mei 2017 ikafuta leseni. Kwa Mtanzania wa kawaida ilikuwa benki isiyoonekana. Lakini mwenye leseni ya kuiwajibisha alikuwa Dar, na waliokuwa na hela humo wengi walikuwa nje. Mwenye rungu na mwenye maumivu hawakai nyumba moja.

SASA HIVI NANI YUKO WAPI

Tukitazama ramani ya leo utaona akina Asha ni wengi. Equity ya Kenya iko Uganda, Tanzania, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Kule Kongo iliingia 2015, na mwaka 2020 ikanunua benki ya BCDC, ikazaliwa EquityBCDC ambayo ni miongoni mwa benki kubwa kabisa za nchi ile. KCB iko Tanzania tangu 1997, iko Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Rwanda iliinunua Banque Populaire mwaka 2021, na mwishoni mwa 2022 ikachukua sehemu kubwa ya Trust Merchant Bank ya Kongo.

Na sisi Watanzania tusijione watazamaji. CRDB ilifungua Burundi mwaka 2012 na Kongo, kule Lubumbashi, mwaka 2023. Exim ndiyo hiyo tumeiona Kampala. Kwa hiyo kuna Mrundi ambaye usalama wa akiba yake unategemea maamuzi ya ofisi zilizoko Dar. Anastahili kujua kama mimi ninavyostahili kujua ya Nairobi.

Jumuiya yenyewe imetanuka. Ilianza upya mwaka 2000 na nchi tatu, Rwanda na Burundi zikaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Nchi nane. Ukaguzi wa benki ni wa Benki Kuu ya kila nchi. Uganda imekuwa ikitaja kwa majina benki zake mhimili, na Stanbic na Centenary zimewahi kuwemo. Kila mtu na daftari lake, kila mtu na mizani yake.

Nisiwasingizie magavana kwamba hawaongei. Wana kamati yao ya masuala ya fedha ndani ya Jumuiya, na kwa vikundi vikubwa vya benki wasimamizi wa nchi mama na nchi zenye kampuni tanzu hukaa vikao vya pamoja kubadilishana taarifa. Hilo ni jema. Lakini kubadilishana taarifa ni kitu kimoja, na kuwa na daftari moja lenye amri ni kitu kingine. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, na sarafu moja ilipangwa kuanza 2024. Tarehe hiyo ikasogezwa hadi 2031. Tukifika huko na madaftari nane yasiyosomana, tutakuwa na mfuko mmoja wenye matundu manane.

WENZETU ULAYA WALIFANYAJE?

Ulaya waliumia kabla yetu, kwa hiyo wanatufundisha kitu. Wana ngazi mbili.

Ngazi ya kwanza ni ya kila nchi, lakini mizani ni moja kwa wote. Vigezo vinne vina uzito sawa, robo robo: ukubwa, umuhimu kwa uchumi, utata na mafungamano. Benki inapewa alama kati ya 10,000, na kwa kawaida ikifika 350 inaandikwa. Nchi inaruhusiwa kusogeza mstari huo kati ya 275 na 425 kulingana na soko lake, na inaweza kuongeza benki kwa sababu ikieleza kwa nini. Kila nchi inapima mwenyewe, ila kwa rula ile ile.

Ngazi ya pili ni ya wale wanaotumia yuro. Tangu Novemba 2014 Benki Kuu ya Ulaya ndiyo inayosimamia moja kwa moja benki zinazohesabiwa muhimu. Na angalia milango ya kuingilia. Unaingia ukiwa na mali zaidi ya yuro bilioni 30. Unaingia ukiwa muhimu sana kwa uchumi wa nchi yako. Unaingia ukiwa na biashara kubwa nje ya mipaka. Na hata ukikosa yote hayo, benki tatu kubwa za kila nchi zinaingia, nchi iwe ndogo kiasi gani.

Rudi kwenye hesabu yetu ya darasani. Mlango wa mipaka unamkamata Asha. Mlango wa tatu bora unamkamata Neema. Juma kakamatwa na ukubwa. Wote watatu wameonekana. Hatuhitaji kunakili namba zao, bilioni 30 za yuro zingewaacha wote wa kwetu nje. Lakini milango yenyewe ni ya akili na inafaa huku.

KWA NINI BADO NI NGUMU?

Kwa sababu nyuma ya orodha kuna bili. Siku Asha akianguka, nani analipa? Nchi mama itasema hasara imetoka kwenu. Nchi ya kampuni tanzu itasema maamuzi yalifanyika kwenu. Wabunge wa kila upande watauliza kwa nini kodi ya mlipa kodi wao iende kuokoa akiba ya jirani. Hata bima za amana hazifanani, kila nchi na kiwango chake: sisi ni shilingi 7,500,000, Kenya tangu 2020 ni shilingi 500,000 za kwao. Mtu mwenye akaunti pande zote mbili za mpaka analindwa kwa mizani mbili.

Kuna hoja nyingine ya upinzani na si ya kupuuzwa. Wanasema ukitangaza orodha unaharibu: aliyeandikwa anajua hataachwa aanguke, kwa hiyo anakopesha ovyo; asiyeandikwa anakimbiwa na wateja, kama tulivyoona Kenya 2015 na 2016. Ni kweli kuna hatari hiyo. Lakini watu wanakisia hata bila orodha, na kukisia ni kubaya zaidi. Kinachotakiwa ni aliyeandikwa alipe gharama ya kuandikwa, ule mtaji wa ziada, na kuokoa wateja kusiwe ni kuwaokoa wenye benki. Crane ilihamishwa wateja wake, na mwenye benki akabaki hana benki.

Msimamo wangu mimi kijana wa Kasulo ni huu. Kabla hatujazungumza sarafu moja, tuwe na rula moja. Benki Kuu zote nane zipime kwa vigezo vile vile, swali la kuvuka mipaka lipewe nafasi yake, kila nchi iwe na uhakika kwamba benki zake tatu kubwa zimo, na makubaliano ya nani analipa yaandikwe wakati hakuna mgonjwa. Ukigombania jeneza wakati wa msiba huziki mtu.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, usichanganye mhimili na salama. Benki kuwa nguzo maana yake ni kwamba serikali itahangaika ikianguka, haina maana kwamba haianguki. Na benki ndogo haina maana ni mbovu, ziko nyingi ndogo zinazoendeshwa vizuri.

Pili, jua kiwango cha bima ya amana. Kama akiba yako, au ya kikundi chenu cha kukopeshana, inazidi kiwango hicho, igawanyeni benki mbili. Kumbukeni kikundi kikiwa na akaunti moja kinaweza kuhesabiwa mteja mmoja.

Tatu, wakala anayekuhudumia muulize ni wa benki gani, na benki hiyo ina leseni ya BoT au vipi. Orodha ya wenye leseni ipo wazi kwenye tovuti ya Benki Kuu, dakika tano café zinatosha.

Nne, kama unafanya biashara na Rwanda au Burundi, fahamu benki unayolipwa kupitia kwake ni ya nani na makao makuu yako nchi gani. Siku ikitokea habari mbaya huko, usiwe wa mwisho kuelewa kwa nini hela haijafika.

Nina swali kwenu wadau, hasa mlioko Rusumo, Kabanga, Biharamulo mjini na hata mlioko Kigali na Muyinga. Kwa mahali ulipo, ni benki gani ikifungwa kesho asubuhi hakuna wa kuifanya kazi yake? Taja mahali na ueleze kwa nini. Mtu wa Dar hawezi kuijua nguzo ya kijiji chako kama hujamwonyesha.

Naomba kuwasilisha.